Kabla hujaacha kazi Mtwara kwenda Dubai, piga hesabu hivi

Kosa linalotuponza wengi ni kuchukua mshahara wa dirhamu, kuugeuza shilingi halafu mtu anaanza kuota kiwanja Mikindani. Usifanye hivyo ndugu yangu. Anza na hela inayobaki mkononi. Huku mshahara ukizidi 270,000 kwa mwezi unakatwa PAYE, yaani kodi ya mapato, na mfuko wa jamii nao unachukua chake, kule mshahara haukatwi kodi ya mapato ila mgeni hajengewi pensheni kama ya NSSF, anapata kiinua mgongo tu akimaliza kazi, na awe amefikisha walau mwaka, kwa hiyo akiba ya uzeeni iandike kabisa kama matumizi.

Kwenye nyumba piga hesabu kwa makini sana. Chikongola unalipa miezi mitatu au sita unapewa chumba chako, kule mkataba ni wa mwaka na nyumba nyingi wanataka cheki zenye tarehe za mbele, ndo maana wenye kipato kidogo wengi wanapanga kitanda tu kwenye chumba cha watu kibao. Muulize mwajiri, malazi na usafiri vimo? Aandike kwenye mkataba, maneno ya simu hayatoshi kabisa. Vikiwemo, mshahara mdogo unaweza kukuachia hela nyingi kuliko ule mkubwa.

Chakula andika unachokula kweli, samaki wa Feri hutampata kwa bei ile.

Mwisho dirhamu imefungwa kwenye dola, 3.67 kwa dola moja, so dola ikishuka huku na unachotuma nyumbani kinashuka, pigia hesabu rate ya chini.