Dhoruba mchorani: anza na upepo
Ukitaka kuchora dhoruba inayoingia Ghuba ya Mikindani, usianze na wingu. Amua kwanza upepo unatoka wapi, kwa sababu makuti ya minazi, tanga la ngalawa na mvua inayoonekana kwa mbali vyote vitalazimika kulalia upande mmoja. Shusha mstari wa upeo wa macho hadi theluthi ya chini ya turubai, na ngalawa iwe ndogo kuliko unavyotamani. Mchoraji Turner wa Uingereza, katika mchoro wake wa 1842 wa meli ya mvuke ndani ya tufani ya theluji, aliiacha meli ikikaribia kumezwa kabisa. Rangi nyeusi tupu huua anga, kosa nililolirudia mara nyingi; changanya buluu na kahawia, kisha uache ufito mwembamba wa mwanga juu ya maji.