Usipunjwe chenji: mambo ya kuweka sawa kabla hujatoa noti dukani

Mama yangu mdogo anakaa kijiji cha mwambao, kaskazini mwa mji wa Kigoma, kule ambako barabara ni ziwa lenyewe. Akija mjini huteremka Kibirizi asubuhi na dagaa wake, akishauza anapanda kwenda mitaa ya Mwanga kununua mahitaji, kisha anakimbilia boti ya kurudi. Safari moja alinunua sukari kilo tatu kwa 9,000, mchele kilo mbili kwa 5,000, sabuni ya 2,300 na majani ya chai ya 500. Jumla 16,800. Akatoa noti mbili za elfu kumi. Keshia akamrudishia risiti, juu ya risiti kuna sarafu ya mia mbili, chini yake noti imekunjwa. Mama mdogo akafumba kiganja, akatoka mbio. Alipokuja kuikunjua ile noti boti imeshashika maji, akakuta ni buku moja, yaani elfu moja. Shilingi 2,000 zimebaki Mwanga, na hakuna nahodha atakayegeuza chombo kwa ajili ya buku mbili.

Aliponisimulia nilinyamaza kidogo, maana mimi mwenyewe nimewahi kukaa kaunta miaka miwili, duka la jumla na rejareja hapa hapa mjini. Najua noti inavyokunjwa. Najua pia jinsi mtu anavyokosea bila kukusudia saa kumi na moja jioni, foleni imefika mlangoni na mtoto wa bosi anakuuliza bei ya daftari. Kwa mteja matokeo ni yale yale. Ndiyo maana kabla ya kumchunguza keshia, mimi ningekuambia ujiandae wewe, na maandalizi yenyewe yanaanzia nyumbani.

Anza na muda. Wanaopunjwa sana mji huu ni watu wa safari: wa boti za Kibirizi, wa treni ya Tabora, wa mabasi ya Kasulu na Kibondo. Mtu ana begi mgongoni, jicho lipo kwenye saa, na mwuzaji anaiona haraka yake kabla hajafungua mdomo. Kama unasafiri, nunua vitu kwanza halafu ndiyo ushughulikie tiketi, au lala na vitu vyako tangu jana yake. Ukishindwa vyote viwili, nunua kwa pesa kamili, usidai chenji ya mtu yeyote.

Pesa kamili haipatikani kwa bahati, inaandaliwa. Ukitoa hela kwa wakala wa simu mwambie mapema akupe ndogondogo, asikupe wekundu watupu, yaani noti za elfu kumi. Muuza dagaa hana hiari, analipwa noti kubwa na wachuuzi, lakini anaweza kuvunja moja kwa kununua kitu kidogo kwa mtu anayemfahamu kabla ya kupanda Mwanga. Weka sarafu zako kwenye kimfuko cha peke yake. Ukiwa na mia nane ya kutoa pamoja na noti, jumla ikawa 6,800, unatoa 10,800 na unarudishiwa 4,000 zilizonyooka, wala hakuna anayekwambia hana mia mbili. Ila zitoe zote kwa mkupuo. Ukitoa noti, ukasubiri, keshia akaanza kuhesabu, ndipo ukakumbuka sarafu, umeshaivuruga hesabu yake na yako, na kwenye vurugu kama hiyo hela hupotea upande wa mteja.

Halafu hesabu pochi kabla ya kuingia dukani. Watu wengi wanalidharau hili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Ugomvi wa chenji mara nyingi hauhusu chenji, unahusu noti uliyotoa. "Mama, umenipa elfu tano." "Nimekupa kumi." "Tano, mama, angalia." Anafungua droo, kuna noti za tano na za kumi, yako ni ipi? Shahidi wako pekee ni ile hesabu uliyoingia nayo. Ukiweza kusema papo hapo kwamba nilikuwa na kumi tatu na buku mbili moja, sasa nina kumi mbili na buku mbili moja, na hii hapa pochi, hata keshia mbishi anaanza kufikiri upya. Ukiwa hujui ulichoingia nacho, unabaki kuapa tu. Jioni kwenye taa hafifu angalia mara mbili unachotoa, kwa sababu noti ya elfu mbili iliyochakaa na ya elfu kumi iliyochakaa hukaribiana rangi kuliko unavyodhani. Yenye simba ni mbili, yenye tembo ni kumi, na ya tembo ni pana zaidi.

Jumla ijue kabla ya kufika kaunta. Simu yako ina kikokotoo, kitumie, hakuna aibu. Kama duka lina bei zilizobandikwa kwenye shelfu, zikumbuke, maana bei ya shelfu na bei ya mashine hazisomani kila siku. Kama halina, uliza kila kitu kwa bei yake, usikubali kutajiwa mzigo mzima kwa mkupuo, "lete elfu kumi na saba, shangazi." Elfu kumi na saba ya nini? Katika mfano wa mama mdogo hapo pameshaliwa mia mbili kabla noti haijatoka.

Sasa wakati wenyewe wa kutoa. Bosi wangu wa zamani, mzee mkali lakini wa haki, alikuwa na sheria moja: noti ya mteja haiingii ndani ya droo mpaka mteja apokee chenji na kuikubali. Inalala juu, wazi, wote wawili mnaiona. Nilimchukia kwa ukali wake, ila kwa sheria hiyo sikuwahi kugombana na mteja juu ya tano na kumi. Maduka mengi hayana utaratibu huo, kwa hiyo uweke wewe kwa mdomo. Weka noti juu ya kaunta, usimsukumie mkononi, na uitaje: "Dada, hii elfu kumi, toa elfu sita na mia nane." Maneno hayo yanamfanya aitazame noti, yanamkumbusha jumla, na walio nyuma yako wamesikia. Sema kwa sauti ya kawaida kama unayesalimia. Aliyekusudia jambo baya ataona kwa huyu hapapitiki, na aliyechoka umemsaidia. Simu ikiita wakati huo, iache iite.

Chenji ihesabiwe pale pale, kabla kiganja hakijafumba, kabla hujashika mfuko. Risiti itenganishe na hela, maana hela iliyolala juu ya karatasi, au chini yake, haihesabiki vizuri. Kunjua kila noti. Iliyokunjwa katikati huhesabiwa mara mbili na mtu anayezipitisha haraka kwa ncha za vidole, ncha hii moja, ncha ile mbili. Ukiona keshia anakuwekea hela kidogo kidogo, sarafu kwanza, anasita, anapanga risiti, anamwangalia mteja anayefuata, usiondoke, kwa sababu anapima kama wewe ni mtu wa kuondoka. Ukitaka njia nyepesi hesabu kutoka bei kupanda: elfu sita mia nane, na mia mbili ni elfu saba, na tatu ni kumi. Ikitimia, umemaliza.

Sarafu nazo zinahitaji jicho. Ya mia mbili na ya mia tano zote nyeupe, zote upande mmoja zina sura ya Karume. Zigeuze: nyati ni mia tano, simba ni mia mbili. Nimeona watu wazima wakipokea simba watatu kwa nyati watatu na kushukuru juu.

Kuna pia hela isiyo hela tena. Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko noti za zamani, zile za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya mia tano ya 2010, na muda wa kuzibadilisha ulianza Januari 6 ukaisha Aprili 5, 2025. Noti ya mia tano ukirudishiwa leo imekufa, hata kama ni mpya kama imetoka kupigwa pasi. Jero sasa ni sarafu. Vijijini noti hizi bado zinatoka chini ya magodoro, na mwenye duka aliyeipokea kwa kutojua atatafuta wa kumtupia. Asiwe wewe. Vivyo hivyo kwa noti iliyochanika au iliyogandishwa kwa gundi ya karatasi: irudishe ukiwa bado umesimama hapo, maana ukishavuka kizingiti inakuwa yako.

Ya pipi siwezi kuiacha. Hana mia, anakupa peremende mbili au kiberiti. Mwenyewe niliwahi kuwapa watu, najilaumu. Siku moja bibi mmoja wa Ujiji alirudi dukani kwetu na kimfuko chenye peremende ishirini na ngapi sijui, akaziweka juu ya kaunta akaagiza chumvi. "Si ndiyo hela yenu?" Bosi alicheka mpaka akatoa machozi, akampa chumvi. Ukiwa huna moyo wa bibi yule, sema tu huli pipi, na utashangaa jinsi mia inavyopatikana. Akikwambia "njoo baadaye uchukue", aandike nyuma ya risiti kiasi na tarehe, aweke sahihi, maana jioni anakaa mwingine kwenye kaunta na huyo hatakuwa na habari yako.

Hapa Kigoma kuna jambo lingine ambalo watu wa Dodoma hawalijui, faranga. Wafanyabiashara wa Burundi na Kongo wamejaa sokoni, na ukinunua vitenge kuna muuzaji atakayekurudishia nusu shilingi nusu faranga kwa kiwango anachokitaja hewani. Umelipa shilingi, dai shilingi. Kanuni zilizotoka 2025 zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo huna deni la kueleza kwa nini umekataa.

Ukimtuma mtoto, mpe kikaratasi: vitu, jumla, chenji ya kurudi nayo. Namba ikiwa imeandikwa, mwenye duka hurudisha chenji kwa namba hiyo.

Wapo wanaosema lipa namba, ile ya kumlipa mwenye duka kwa simu, imemaliza haya yote. Kwa mwenye mshahara, labda. Hela ya dagaa na mawese huja kwa noti, na kuiingiza kwenye simu ili uilipe dukani una makato na una mtandao wa kuombea.

Na ukigundua imepungua? Baki hapo hapo, upole wa sauti, mwite mwenye duka kama yupo. Kudai risiti ya mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kodi, ni wajibu wako kisheria, na hapa inakusaidia pia kwa jambo jingine: ina saa na kiasi, na jioni wakifunga hesabu, mauzo yaliyoandikwa kwenye mashine hulinganishwa na hela iliyomo kwenye droo. Droo ikizidi 2,000, na wewe uliacha namba ya simu na madai ya 2,000, bosi mwenye akili anajua ni za nani. Nasema bosi, sisemi keshia, kwa sababu ambayo wateja hawaijui. Maduka mengi keshia akipungukiwa anakatwa kwenye mshahara, ikizidi haulizwi sana. Kwa hiyo ile ziada ya leo anaificha imfidie upungufu wa kesho. Mimi nilikatwa mara tatu katika miaka miwili, na nakiri mara ya tatu nilianza kuelewa wenzangu walikuwa wanafanya nini na zile noti zilizokunjwa. Utaratibu kama huo unatengeneza wezi kwa watu ambao hawakuja na wizi.

Mama mdogo alirudi mjini wiki mbili baadaye, safari hii alilala kwangu. Asubuhi tukaenda naye hadi duka lile lile, kikaratasi mkononi, ndogondogo kwenye kimfuko cha shingoni. Jumla 11,300, akatoa 11,500 akaitaja kwa sauti. Msichana wa kaunta akamwekea sarafu moja. Mama mdogo akaigeuza, akaiangalia kwa karibu, akaigeuza tena, akairudisha juu ya kaunta.

"Mwanangu, huyu nyati. Mimi nakudai simba."

Msichana akaitazama ile sarafu, akamtazama yeye, akafungua droo polepole kutafuta mia mbili.