SOMO: Kutoa gesi kwenye sampuli kabla ya kupima (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Mwezi huu nimejibu swali moja kwa sura kumi. "Mbona asidi ya soda inatoka juu?" "Mbona bureti inanipa jibu jipya kila nikirudia?" "Mbona pampu ya HPLC inarukaruka?" (Bureti ni mrija wenye alama wa kudondoshea na kupima kimiminika; HPLC ni mashine inayosukuma kiyeyushi kwa pampu ili kutenganisha vilivyomo kwenye sampuli.) Jibu ni lilelile: kuna gesi iliyoyeyuka ndani ya sampuli au kiyeyushi chako, nawe hukuitoa, au uliitoa vibaya. Naandika hapa mara moja ili mwingine akiuliza nimwelekeze huku.

Nipo Jinja, Uganda, kwenye maabara ya vinywaji na maji. Haya yote nimeyafanya kwa mikono yangu.

Kwa wanaodhani viputo ni jambo dogo, fanyeni hesabu hii. Lita moja ya soda hubeba gramu 6 hadi 8 za kabonidioksaidi. Tuseme 7. Umeitikisa kidogo, ukaona imetulia, kumbe sehemu moja ya kumi imebaki: gramu 0.7 kwa lita. Ukichukua mililita 25 na kutaitreti (kudondosha alkali kidogo kidogo mpaka asidi iishe) kwa sodiamu haidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita hadi kiashiria cha fenoftalini kigeuke waridi, gesi hiyo peke yake inakula mililita 4 za bureti. Asidi halisi ya soda nyingi za limau haizidi sana hapo. Kwa hiyo karibu nusu ya jibu lako ni hewa, nawe umeliandika kwenye ripoti kama asidi ya sitriki.

Kabla ya yote: unapima nini?

Andika kwenye daftari kabla ya kugusa chupa. Kila njia ya kutoa gesi hutoa na kitu kingine pamoja nayo.

Asidi ya soda: gesi itoke yote, na moto unaruhusiwa. Kilevi kwenye bia, tonto (pombe ya ndizi) au malwa (pombe ya ulezi): gesi itoke, ethanoli ibaki, kwa hiyo moto ni marufuku. Oksijeni ya maji ya ziwa: USITOE GESI, hiyo gesi ndiyo unayoitafuta. pH ya maji ya kisima: usitoe pia, kwa sababu kabonidioksaidi ikiondoka pH inapanda, pima palepale kisimani. Kromatografia (kazi ya HPLC): kinachotolewa gesi kwanza ni kiyeyushi kinachopita kwenye pampu.

Hatua

1. Acha sampuli ifike nyuzi 20. Kinywaji cha baridi hushika gesi kwa nguvu.

2. Mimina kwenye chupa ya koni kubwa, mililita 250 ndani ya chupa ya lita moja. Povu linahitaji nafasi.

3. Zungusha polepole, kisha kwa nguvu zaidi, ukifungua kizibo kila mara.

4. Chuja kwa karatasi kavu iliyokunjwa mikunjo, ukifunika faneli kwa kioo cha saa (kisahani cha kioo) ili ethanoli isitoroke. Kwa bia na soda za kawaida, hatua ya 3 na ya 4 zinatosha. Wengi wenu hamhitaji zaidi ya hapo.

5. Ombwe, yaani kunyonya hewa iliyo juu ya sampuli ili gesi itoke. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisomeni taratibu.

Tulikuwa tukitumia pampu ile ya maji inayofungwa kwenye bomba: maji yakikimbia, yanavuta hewa kutoka kwenye chupa yenye mkono wa pembeni. Ni rahisi, haina umeme, haina oili. Siku hiyo nilikuwa na tonto ya mteja, nikafunga mpira moja kwa moja kutoka bombani hadi kwenye chupa, nikawasha, nikageuka kuandika lebo. Nguvu ya maji ya mtaani ikashuka ghafla, kama tunavyojua inavyoshuka. Bomba likinyamaza, ombwe lililo ndani ya chupa halisubiri: linavuta chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni maji ya bomba. Nilipogeuka, usawa wa sampuli ulikuwa umepanda kidole kimoja, na rangi ya kahawia imepauka. Nilijiambia ni povu limeshuka. Nikapima kilevi, kikatoka chini, nikasaini. Mteja alipoipeleka pombe yake kwa maabara nyingine ndipo ukweli ukajulikana, nasi tukalazimika kuandika barua ya kuliondoa jibu letu. Sahihi kwenye ripoti ile ilikuwa yangu. Mpaka leo siwezi kupita karibu na bomba lile bila kuangalia mpira.

Sasa fanyeni hivi. Kati ya bomba na sampuli weka chupa tupu ya mtego, nene, yenye mirija miwili, ili maji yakirudi yaishie humo. Weka alama ya kalamu kwenye chupa ya sampuli, usawa ulipoanzia. Fungua ombwe kidogo kidogo, kwa vali ya kupitisha hewa; ukifungua lote kwa mkupuo, tonto inapanda kama maziwa jikoni na kuingia kwenye mpira. Ukimaliza, ingiza hewa kwanza, NDIPO uzime. Usizime kwanza. Na usiondoke hapo, hata kwa kuandika lebo.

Onyo la pili: chupa ya koni ya kawaida ina ukuta mwembamba. Haivumilii ombwe, hupasuka kuelekea ndani na vipande huruka. Tumia ile nene yenye mkono. Ikague kwenye mwanga. Ikiwa na ufa wa nyota hata mdogo, itupe. Vaa miwani.

Onyo la tatu: ombwe likizidi, utachemsha kile unachokipima. Kwa nyuzi 20 maji huchemka shinikizo likifika kilopaskali 2.3, na ethanoli huanza mapema zaidi, karibu kilopaskali 6. Kwa kazi ya kilevi mimi situmii ombwe kabisa siku hizi. Natikisa na kuchuja.

6. Hakiki. Ziba chupa kwa kizibo safi, tikisa mara tano, kisha kifungue karibu na sikio. Ukisikia "pss", rudi hatua ya 3.

7. Pima mara moja. Sampuli iliyofunguliwa inanywa hewa tena.

---

KijanaWaTororo: Mkubwa, sijasoma yote, ni ndefu. Niambie tu, nichemshe dakika ngapi?

Mwandishi: Unapima nini? Jibu liko kwenye sehemu ya kwanza kabisa.

KijanaWaTororo: Kilevi kwenye malwa.

Mwandishi: Basi usichemshe hata sekunde moja. Rudi usome.

Mwalimu wa S5: Habari ya kazi, ndugu. Sisi shuleni hatuna ombwe wala mashine ya kutikisa kwa mawimbi ya sauti. Nataka wanafunzi wapime asidi ya soda. Nikichemsha, maji yanapungua na asidi inakuwa nzito zaidi. Nifanyeje?

Mwandishi: Salama, mwalimu. Swali zuri. Tikisa soda kwanza mpaka itulie, halafu chota kwa pipeti (mrija wa kupimia ujazo kamili) mililita 25 ziende kwenye chupa ya koni ya kutaitretia. Chupa hiyo ndiyo uipashe moto mpaka ianze kuchemka, dakika moja, kisha uipoze ikiwa imefunikwa. Maji yakipungua hapo hayakusumbui, kwa sababu asidi yote ya zile mililita 25 bado imo ndani, na unachohesabu ni jumla yake. Asidi ya sitriki na ya fosforiki haziruki na mvuke. Usianze kupipeti kabla ya kutikisa: kiputo kimoja ndani ya pipeti kinakupa ujazo wa uongo. Na waache kundi moja lipime soda bila kuitoa gesi, waweke majibu ubaoni kando kwa kando.

Mwalimu wa S5: Ahsante sana. Na maji ya kuchanganyia sodiamu haidroksaidi je?

Mwandishi: Nayo yachemshe dakika 15, yafunike, yapoe. Maji yaliyokaa wazi yana kabonidioksaidi ya hewani, nayo inaila alkali yako kabla hujaanza. Kumbuka maji ya Kampala na Jinja huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Kabale chini zaidi, kwa sababu ya mwinuko. Usimwambie mwanafunzi kipimajoto kimeharibika.

DadaWaMaabara: Shikamoo. Mimi napima bushera (kinywaji cha nafaka kilichochachuka) na tonto za wauzaji wadogo. Natoa gesi, inatulia, baada ya nusu saa viputo vimerudi. Nimerudia mara nne. Nimekosea wapi?

Mwandishi: Marahaba, dada. Hujakosea. Pombe hizo ziko hai. Hamira imo ndani na inaendelea kula sukari na kutoa kabonidioksaidi, kwa hiyo unachota maji kwenye mtumbwi unaovuja. Iweke kwenye barafu mara tu inapofika, kisha izungushe kwenye sentrifuji (mashine inayozungusha mirija kwa kasi ili tope litulie chini) ikiwa bado baridi, uchukue maji ya juu, hapo ndipo utoe gesi. Baridi ni muhimu kwa sababu nyingine pia: bakteria wa asidi ya laktiki hawalali. Sampuli ya saa nne asubuhi na ya saa kumi jioni si sampuli moja, hata kama lebo ni moja. Andika saa.

DadaWaMaabara: Sentrifuji yetu ni ya mirija midogo ya mililita 15.

Mwandishi: Inatosha. Mirija minne inakupa ya kutaitreti mara mbili. Ila mirija inayokabiliana iwe na uzito sawa, na iache nafasi juu. Gesi ikitoka wakati inazunguka, kifuniko kinasukumwa.

MtuWaMaji: Povu langu halishuki. Kuna jamaa kaniambia nitie tone la dawa ya kuua povu ya silikoni. Ni sawa?

Mwandishi: Kwa kutaitreti au kunereka, sawa, ukitia na kwenye sampuli tupu ya kulinganishia. Kwa HPLC, hapana. Silikoni inakaa kwenye safu (mrija wa kutenganishia) na haitoki.

Chemba2: Somo lako lina kasoro. Kwetu tunaweka kila kitu kwenye bafu ya mawimbi ya sauti dakika 10, yameisha. Ombwe la nini?

Mwandishi: Kama kiyeyushi chenu kinakaa salama na mstari wa msingi kwenye grafu ya mashine hauchezi, endeleeni. Lakini bafu hiyo peke yake ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Inakusanya gesi iwe viputo, ila kilichobaki kimeyeyuka kinabaki. Pia inapasha joto. Shika bika baada ya dakika 10 utaona. Mkiiunganisha na ombwe, hapo mna kitu.

Chemba2: Sisi hatujawahi kupata tatizo.

Mwandishi: Sawa.

FundiPampu: Kwa HPLC mimi nilitoa gesi kwenye methanoli peke yake na maji peke yake, vyote safi, kisha nikachanganya. Viputo vikatokea upya! Nilishangaa.

Mwandishi: Kaka, umegusa jambo ambalo wengi hawalijui. Mchanganyiko wa methanoli na maji hushika hewa kidogo kuliko vile viwili vikiwa mbalimbali, kwa hiyo hewa yoyote iliyobaki inafukuzwa pale vinapokutana. Changanya kwanza, acha joto la kuchanganyika lipoe, halafu toa gesi. Mkiwa na heliamu, pitisha viputo kwa nguvu dakika 5 hadi 10, kisha punguza mpaka kiputo kimoja kimoja. Ukiacha kwa nguvu siku nzima, methanoli inaondoka na heliamu, uwiano unabadilika, na vilele vya grafu yako vinachelewa kutoka. Ukizima kabisa, hewa inarudi.

FundiPampu: Heliamu ni ghali. Nitrojeni haifai?

Mwandishi: Inafaa kufukuza oksijeni, mfano kwenye fluoresensi (kupima mwanga unaotolewa na sampuli), ambako oksijeni huzima mwanga, au kwenye polarografia (kupima kwa umeme). Kwa viputo vya pampu ni dhaifu, kwa sababu nitrojeni yenyewe inayeyuka zaidi kuliko heliamu. Silinda ifungwe mnyororo ukutani, na dirisha liwe wazi. Nitrojeni haina harufu. Chumba kikijaa, mtu huanguka bila onyo.

KijanaWaTororo: Nimesoma yote sasa. Samahani mkubwa. Nina swali jingine: mwenzangu anapima oksijeni ya maji ya ziwa kwa njia ya Winkler, nikamwambia aitikise itoe viputo kwanza. Nimemharibia?

Mwandishi: Hakuna neno, karibu. Ndiyo, zile sampuli azirudie. Winkler inapima oksijeni iliyoyeyuka yenyewe. Kwa nyuzi 25 usawa wa bahari maji hushika miligramu 8.3 kwa lita; kwa mwinuko wetu wa mita 1,200 hivi ni karibu 7.2. Ukitikisa maji ya kilindini yaliyokuwa na 2, yanaivuta hewa na kupanda kuelekea 7, na ziwa lililochoka litaonekana zima. Ajaze chupa kutoka chini kwa mrija, aache maji yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wa chupa, azibe bila kiputo, na atie manganizi na iodaidi ya alkali palepale kwenye mtumbwi.

KijanaWaTororo: Akiona kiputo kidogo baada ya kuziba?

Mwandishi: Amwage, ajaze upya. Maji ziwani hayajaisha.

DadaWaMaabara: Nimerudi. Nimeweka tonto kwenye barafu, nikazungusha, nikatikisa, nikachuja. Bureti tatu: 11.3, 11.4, 11.3. Jana zilikuwa 13.0, 15.2, 12.1.

Mwandishi: Hongera sana, dada. Sasa hakiki na kesho, kwa sampuli ileile iliyokaa usiku kwenye jokofu, kisha utuandikie namba hapa.