Likizo ya baridi: simu ikae chumba kingine

Msimu wa baridi giza huingia mapema, watoto wako likizo, na wote mnashinda ndani. Mnaweza kukaa sebule moja kutwa nzima na bado msiwe pamoja. Tenga saa moja kila siku, wakati uleule, na simu uiache chumba kingine. Kuifunika tu mezani hakusaidii: jicho litaikimbilia, na mtoto anaona.

Saa hiyo mwachie mtoto aongoze. Akitaka kujenga mnara, keti naye sakafuni, mpe kipande anachokuomba, wala usimnyooshee mnara ukianza kupinda. Ukianguka, nyamaza kidogo uone atafanya nini. Hapo ndipo maneno hutoka, kwa sababu mtoto husema mazito yake mikono ikiwa na kazi kuliko akikalishwa na kuulizwa "Vipi shule?" Kijana mkubwa naye mara nyingi hapendi kutazamwa usoni akiongea. Vaeni makoti mkatembee bega kwa bega, au chezeni karata.

Kazi ikikubana, usimwambie "baadaye". Mwambie, "Mshale mrefu wa saa ya ukutani ukifika juu, nakuja," kisha uinuke kweli ukifika. Mtoto akijua mwisho wa kusubiri, husubiri vizuri zaidi.

Siku ambayo wageni wamejaa nyumbani, saa nzima huipati. Chukua hata dakika 10 kabla hajalala, ninyi wawili tu. Wageni ni watu wazima, watakungoja.