Kusaka sauti ya B.B. King bila kuuza kiwanja

Ukiingia dukani ukasema unataka sauti ya B.B. King, yule mpiga gitaa wa blues wa Marekani, muuzaji atakushusha ukutani gitaa la bei kuliko yote. Lishike, lipige kidogo, mshukuru, mwambie utarudi. Gitaa ni la tatu kwenye foleni. Kwanza nyuzi, pili amplifaya, na pedali, kile kifaa cha kukanyaga cha kubadilisha sauti, haimo kabisa.

Kabla ya yote hayo chagua rekodi moja, maana mzee alipiga kwa zaidi ya miaka 60 na sauti yake haikukaa mahali pamoja. Ile ya ukumbi wa Regal, Chicago, mwaka 1964 ina ukali na shangwe za watu zimejaa kila kona. The Thrill Is Gone ya 1969 imetulia, violini ziko nyuma, na kila noti ya gitaa imepewa nafasi yake. Vijana wanaoniuliza huwa nawaambia waanze na hiyo ya 1969. Isikilize kwa spika za masikioni mpaka uweze kuiimba solo kwa mdomo.

Sasa tuseme ukweli. Wengi wetu hapa Dar tumekulia kwenye dansi. Mpiga solo wa dansi anatafuta sauti nyembamba itakayopenya katikati ya ridhim, tumba na tarumbeta: nyuzi laini, pikapu (kinasa sauti cha chini ya nyuzi) ya upande wa daraja, yaani mbali na shingo, trebo juu, na mwangwi wa kurudiarudia. Ni sauti nzuri na imelisha familia nyingi, yangu ikiwemo. Lakini kwa B.B. utalazimika kugeuza karibu kila kimoja.

Anza na nyuzi, kwa sababu ndizo rahisi kuliko vyote na ndizo zinazobadilisha mambo mapema. Unene wa uzi huandikwa kwa sehemu za elfu za inchi: seti iliyouzwa kwa jina lake inaanzia 10 kwenye uzi wa kwanza na kuishia 54 kwenye wa sita. Tatu za juu zinavutika, tatu za chini ni nene. Usipoipata, chukua ya 10 hadi 52, ile inayoandikwa kuwa nyembamba juu na nzito chini. Kama gitaa lako lilikuwa na seti ya 9, uzi mnene hautaingia vizuri kwenye kile kipande cheupe kilicho kati ya shingo na funguo. Mpelekee fundi akichonge kidogo. Kisha chukua penseli ya kawaida na usugue risasi yake kwenye kila mfereji wa kipande hicho. Uzi utateleza na kurudi mahali pake baada ya kuvutwa, badala ya kukwama na kukutoa kwenye tyuni katikati ya wimbo. Usishushe nyuzi mno karibu na freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo. Ukivuta uzi, ncha ya kidole inahitaji nafasi ya kuingia chini yake.

Mkono wa kushoto sasa. B.B. alikuwa na ndugu, Bukka White, aliyepiga kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Yeye mwenyewe mtindo huo ulimshinda, akatafuta njia ya kuifanya noti itetemeke kwa kidole kitupu. Weka kidole cha kwanza freti ya 12 ya uzi wa pili. Hiyo ni B, noti ya nyumbani ya wimbo ule wa 1969. Achia dole gumba, kiganja kisiguse shingo, kidole kimoja tu ndicho kiwe kimeshika gitaa, halafu tikisa mkono kuanzia kwenye kifundo, kama mtu anayezungusha kitasa cha mlango haraka haraka. Baada ya hapo nenda freti ya 14 ya uzi huohuo, usukume mpaka ulie sawasawa na freti ya 15. Piga ya 15 kwanza uisikie, ndipo usukume. Ukipungua hata kidogo, hakuna kifaa kitakachokuficha. Ziko video za tamasha la Kinshasa la Septemba 1974, lile lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la ngumi la Ali na Foreman, ambalo Franco na Tabu Ley pia walipiga. Mtazame B.B. pale, na macho yabaki kwenye ule mkono.

Kwenye amplifaya watu hupoteza hela nyingi kwa sababu ya imani. Utaambiwa bila valvu, zile taa za kioo za amplifaya za kizamani, hakuna blues. B.B. alitumia Fender Twin Reverb, ya valvu kweli, wati 85, spika mbili za inchi 12, uzito karibu kilo 30. Lakini kwa miaka mingi alipiga pia kwa Lab Series L5, na hiyo ni transista tupu. Kwa hiyo usione haya kununua transista iliyotumika. Unachotafuta ni sauti safi yenye nguvu ya akiba, na spika ya inchi 12. Vile vidogo vya spika ya inchi sita viache vya kufanyia mazoezi chumbani. Mimi naweka trebo 4, sauti za kati 7, besi 5, mwangwi usizidi 2. Volyumu ya gitaa naiweka 7, ili solo ikifika niwe na pa kupanda.

Halafu gitaa. Lake lilikuwa Gibson ES-355, na bei yake ni maelfu ya dola, tuliache hapo. Epiphone Dot au Ibanez AS73 yana umbo lilelile: mwili wenye uwazi pembeni, gogo katikati, na pikapu mbili za hambaka, yaani zenye koili mbili kila moja. Hambaka zina faida nyingine kwetu, hazivumi sana ukipiga baa yenye jenereta na taa za tyubu. Washa pikapu zote mbili, ya shingoni iizidi kidogo ya darajani. Gitaa la uwazi likianza kulia lenyewe mbele ya spika, jaza vitambaa kwenye yale matundu yenye umbo la f. Ndivyo B.B. alivyofanya, mpaka Gibson wakamtengenezea Lucille (jina alilokuwa akiyaita magitaa yake) isiyo na matundu, mwaka 1980. Sponji ya godoro nayo inafaa, na ukihitaji kuitoa haisumbui.

Siku ya kununua amplifaya nenda na gitaa lako na waya wako. Ipandishe mpaka nusu, piga noti moja, iache ife yenyewe. Ikikwaruza mwishoni, huenda karatasi ya spika imechanika. Zungusha kila kinobu taratibu usikilize kama kinachakacha. Kisha geuza nyuma usome volti. Zinazoletwa kutoka Marekani nyingi ni za 120, na umeme wetu ni 230, kwa hiyo bei ya transfoma ya kupunguza umeme uitoe kwenye bei ya amplifaya kabla hamjapeana mikono.