Somo: Soriasisi, ukurutu au choa? Namna ya kuvitofautisha

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Baka la soriasisi (ugonjwa sugu wa ngozi, usioambukiza) kwetu huwa la zambarau, kahawia au kijivu, na rangi peke yake haiamui kitu. Angalia ukingo, magamba na mahali.

1. Uliza mgonjwa anapaka nini, alete tyubu yenyewe. Baadhi ya mafuta ya kung'arisha ngozi yana klobetasoli, kotizoni (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) kali sana. Inatuliza muwasho wa choa huku kuvu wakizidi kuenea, na ile duara inapotea. Hapo hata munganga anadanganyika.

2. Ngozi ioshwe, isipakwe kitu, mwangaza uwe wa mchana. Vazilini inaficha magamba. Kwangua polepole kwa kijiti cha mbao: ya soriasisi hupukutika meupe kama nta ya mshumaa.

3. Pitisha kidole ukingoni. Soriasisi ina mpaka unaoshikika, na unene ni uleule hadi katikati. Choa huinuka pembeni, katikati kunapona. Ukurutu hauna mpaka. Unafifia ndani ya ngozi nzima, unawasha vikali, pengine unatoa maji.

4. Viwiko na magoti kwa nje: soriasisi. Mikunjo ya ndani, tangu utotoni: ukurutu. Lakini watu wanasahau kuvua nguo zote. Tazama kichwani, nyuma ya masikio, kitovuni, katikati ya matako. Kisha kucha: vishimo vya ukubwa wa ncha ya sindano, au kucha inayoachana na nyama. Uliza pia kama vidole vinavimba na kukakamaa asubuhi. Soriasisi hushika viungo.

5. Gusa baka kwa pamba, macho yafumbwe. Asiposikia, fikiria ukoma. Mabaka yakifika viganjani na nyayoni, apimwe kaswende.

Huku Lubumbashi baridi kavu ya mwezi wa sita na wa saba inazidisha soriasisi na ukurutu pia, kwa hiyo msimu hautenganishi.

Maswali

*Mama wa Katuba:* Mtoto aliumwa koo, wiki mbili baadaye vitone mwili mzima. Ni mzio?
— Mama, inaweza kuwa soriasisi ya vitone, inayofuata streptokoki (bakteria) ya koo. Kama lilitangulia baka moja kubwa, na mengine yakafuata mstari wa mbavu, ni pitiriasisi rozea. Huisha yenyewe kwa wiki 6 hadi 8.

*Papa wa Ruashi:* Farmasi walinipa mafuta mchanganyiko (dawa ya kuvu pamoja na kotizoni), ikapungua, ikarudi kubwa zaidi.
— Papa, hiyo inanukia choa. Labo wakwangue ukingo, si katikati, waangalie kwa potasi (hidroksidi ya potasiamu) ya asilimia 10 hadi 20. Ulipaka dawa ya kuvu? Iache, ngoja wiki mbili kwanza, ndipo upimwe.

*Yaya (ndugu mkubwa) wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi:* Sindano ya kotizoni je?
— Kwa soriasisi hapana, Yaya. Ikiisha mwilini, ugonjwa unaweza kulipuka na usaha. Homa na ngozi kuwaka mwili mzima ni hospitali siku hiyohiyo.