Umerudishwa mpakani Namanga? Usipande Noah ya Arusha kabla hujafanya haya

Jamani hasa nyie mnaovuka kwenda Nairobi kumwona mgonjwa au kufuata mzigo, ukikataliwa pale dirisha la uhamiaji usitoke kwanza. Najua aibu inavyouma, foleni yote inakuangalia na dereva wa shato, kile kibasi kilichokuleta, anapiga honi, ila muulize taratibu, "samahani afande, kilichopungua hasa ni nini?" Maana kila sababu ina dawa yake. Pasi imebakiza chini ya miezi 6, hati ya dharura imeisha, au una mtoto asiye wako na huna barua ya ruhusa ya wazazi wake.

Sasa hili wengi hawalijui. Namanga ni kituo cha pamoja, ukienda Kenya unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania humohumo kwenye jengo la upande wa Kenya, ndo unasogea kwa Wakenya. Kwahiyo Wakenya wakikukatalia, pasi yako inasema umeshatoka nchini! Rudi kwa maafisa wetu waufute ule muhuri. Mimi nilikuwa na mtoto wa dada, miaka 9, tukarudishwa kwa ajili ya barua, nikamshika mkono tukaondoka zetu, safari iliyofuata tukaulizwa mlirudi lini na kupitia wapi, mtoto kakumbatia begi lake ananiangalia mimi nami sina jibu. Tulikaa kwenye benchi saa mbili nzima mpaka afisa akapiga mstari wa kalamu juu ya ule muhuri wa zamani akasaini pembeni. Iliniuma sana kwa sababu ya yule mtoto.

Barua iandikwe na wazazi wote wawili, ipite kwa wakili, ambatanisha cheti cha kuzaliwa na kopi za vitambulisho vyao.

Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, usinunue kwa vijana wa pale nje, nawaomba. Chanjo inahesabika baada ya siku 10 tangu uchomwe, na ukichoma mara moja ni ya maisha, sasa ya kufoji ya nini?

Na wakija wale wa "twende nikuvushe kwa bodaboda" kataa kabisa. Umekosa karatasi tu, ukipita njia ya panya ukadakwa huko mbele huna muhuri hiyo ni kesi mahakamani, tena ugenini.

Halafu namba ya dereva ichukue kabla hujashuka, mabegi yako yako kwenye gari lake na hatakusubiri.